Mswaki wa Mti

Kila asubuhi, kabla ya kwenda machimboni Sekenke, mume wa Redempta alimkatia mkewe mswaki wa mti, akaitafuna ncha yake mpaka ikalainika. Fizi za Redempta zilikuwa zikitoka damu.

Daktari wa meno alimwambia kwamba mawazo yakizidi, fizi nazo huchelewa kupona. "Una mawazo gani, mama?" Redempta alimtupia jicho mumewe, aliyekuwa amemsindikiza. Tangu shimo la jirani kule machimboni liporomoke, alikuwa akilala ameuma meno.

"Ninayeshuka shimoni ni mimi, anayeumwa fizi ni wewe!" mumewe alimtania walipotoka. "Mbona mimi siogopi?"

Leo alimpa mswaki kama kawaida, tochi ikiwa tayari kichwani. Redempta aliusogeza penye mwanga wa mlango. Nyuzi zake laini zilikuwa nyekundu.

"Bado sijautia mdomoni," alisema.

Mumewe alifumba mdomo haraka, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Redempta alinyoosha mikono, akamvua ile tochi taratibu, akaipakata.

"Kaa hapa," alisema. "Una mawazo gani, baba?"