Nusu kwa Nusu

"Vipande vyote vimo," daktari alimwambia mama wa mtoto. "Ila ndani ya seli zake hakuna fundi wa kuviunganisha ili pumzi igeuke nguvu. Kasoro hiyo nusu ni yako, nusu ya baba yake, ambaye kairithi kwa mama yake mzazi."

Miaka minne mama mkwe alikuwa akimwita tumbo bovu.

Mama wa mtoto aliporudi nyumbani, alimkuta mkwe huyo ukumbini pamoja na mawifi, akimfuta mjukuu uji kidevuni kwa ncha ya mtandio, taratibu, kama anayegusa yai. Moyo ulitaka kulainika.

"Haya, tumbo bovu, wamekwambiaje?"

Mawifi wakaangua kicheko.

Akakunjua majibu. "Nikunong'oneze, mama, au nisome kwa sauti?"

"Kwa sauti! Wote wasikie."

Akavua viatu, akapanda juu ya benchi.