Ngiri na Gari la Kutunza

Swala alikuwa na gari jekundu la mbio. Alipopita nalo bondeni, hata Kobe alitoa kichwa kushangilia. Ngiri akalinunua kwa mavuno ya misimu mitatu, kisha akalifunika turubai.

"Mbona huliendeshi?" Swala akamuuliza.

"Kila kilomita inashusha bei, ndugu yangu. Hili ni la kutunza."

Siku moja Ngiri akilipangusa vumbi, Simba akatokea. Ngiri akarukia kwenye usukani, akatia ufunguo, akaona kwenye dashibodi zile kilomita chache lilizotembea. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akatimua mbio kwa miguu. Hakufika mbali.

Simba aliposhiba, alirudi akachungulia dirishani.

"Kilomita chache namna hii!" akasema, akalifunika turubai, akaenda zake kwa miguu.