Paa la Watu Wawili

Nilimkuta mume wangu, Verlyn, gerejini kwetu nyumbani, anafunga kapi la kupitishia kamba kwenye boriti. Nje theluji ilikuwa imefika madirishani. Nikaketi kwenye kiti chetu cha kuvulia samaki, blanketi magotini, kofia ya sufu kwenye kichwa kisicho na nywele.

"Mtambo gani huo?"

"Wa kunyanyulia paa la gari."

"Paa tunalitoa Mei, mzee. Umeingiwa na nini?"

Kila Mei, siku ya kwanza ya joto, tulilifungua na kulitoa wenyewe ili tuendeshe gari likiwa wazi, yeye kulia, mimi kushoto. Mimi ndiye niliyehesabu moja, mbili, tatu. Yeye alinyanyua kabla sijafika tatu, na tukagombana hadi chakula cha jioni.

"Nakupunguzia uzito," alisema, macho kwenye kamba.

"Mwongo mkubwa. Mbona mpini wa kuzungushia ni mmoja?"

Akavuta fundo kulijaribu. Daktari alipozungumza nasi Jumatatu, Mei hakuitaja, na wala sisi hatukumuuliza.

"Haya, zungusha basi. Nikuone."

Akazungusha. Kamba zikakaza, paa likalia kidogo, likaachana na gari, likapanda polepole bila kuyumba. Kazi safi, lakini, Mungu anisamehe, nilitamani liyumbe.

Hapo nikajikuta nimesimama. Blanketi liko sakafuni, na mikono yangu yote miwili imeinuka upande wa kushoto, viganja juu, na paa limeshavipita.

"Verlyn," nikasema, "leo hata moja hukuningoja niseme."