Kisigino Chini ya Pazia

Wazo la pazia lilikuwa la hakimu: mtoto atoe ushahidi bila kumwona baba yake wa kambo, aliyekaa upande wa pili. Hakimu akajiona kamaliza kazi.

"Haya mwanangu, usiogope. Vidole vyako vilivunjikaje?"

Binti alifungua mdomo, kisha akashtuka. Akateremka kitini, akapiga magoti, akatandaza mikono yote miwili sakafuni na kufumba macho.

"Mheshimiwa, huyu kafundishwa kuigiza," alisema wakili wa utetezi.

"Hebu nyamaza kwanza!"

Hakimu alishuka jukwaani, joho likiburura vumbi, akapiga magoti kando yake. Vidole vya binti vilikuwa vimepinda kama tangawizi, viwili havina kucha.

"Unafanya nini, mama?" alimnong'oneza.

"Nasubiri. Akigonga, naweka mikono. Nikichelewa, anamkanyaga mdogo wangu."

Kule juu, kelele za feni zilikuwa zimemziba hakimu masikio. Huku chini, kwenye kimo cha mtoto, pazia lilikuwa fupi na kila kitu kilionekana: kiatu cheusi kilichong'arishwa, kisigino chenye kipande cha chuma, kikigonga saruji polepole. Ko. Ko. Ko.

Hakimu alivifunika vile vidole kwa kiganja chake.

Kisigino kikagonga tena, kwa nguvu zaidi. Chini ya kiganja, vidole vikajitahidi kunyooka, vikae vizuri.

"Afande," hakimu alisema bila kuinuka. "Mvue huyo bwana viatu."