Upande wa Kabula

Mwalimu Masanja aliweka mezani mfano wa molekuli uliofinyangwa kwa udongo: kaboni katikati, na mipira minne ya rangi tofauti ikiwa imechomekwa kwa njiti kuizunguka. Nyamizi aliwahi kiti cha dirishani, Kabula asikipate. Kabula akakaa upande wa pili. Atakayepatia jibu angekabidhiwa ufunguo wa maabara.

"Hakuna kugusa," mwalimu alisema. "Mpira mweupe, ule mwepesi, lazima uwe nyuma. Ukikuelekea, zunguka meza. Kisha ifuate hiyo mingine mitatu kuanzia ule mzito kuliko yote, ukishuka. Inazunguka kama mishale ya saa, au kinyume?"

Kanuni hiyo Nyamizi aliijua hata usingizini. Lakini macho yake yalikuwa kwa Kabula, kwa ile shingo iliyotulia, lile tabasamu ambalo walimu wote walilipenda. Mwaka mzima Kabula, Kabula tu. Leo asimtangulie!

"Kama saa!" akadakia.

"Kinyume," Kabula akasema taratibu.

Mwalimu akamsogezea Kabula ufunguo.

"Unampendelea!" Nyamizi alisema. "Ni kama saa. Naona kwa macho yangu!"

"Njoo huku utazame, mwenzangu," Kabula alisema.

"Siji."

Mwalimu na Kabula wakatoka, wakamwacha peke yake. Ndipo alipouona mpira mweupe. Muda wote ulikuwa umemkabili yeye usoni.

Nyamizi akachungulia mlangoni. Hakuna mtu. Akazunguka meza polepole, akakaa kwenye kiti cha Kabula. Kilikuwa bado na joto lake.