Bangili ya Chumba cha Dharura

Wauguzi wa chumba cha dharura waliomba walinzi, wakapewa bangili. Ikimwona mtu anakunja ngumi au kusaga meno, hutetemeka; na sheria inasema ukipigwa baada ya hapo kosa ni lako, kwa kuwa ulionywa. Mwenzao Mwasiti alivunjwa taya, kisha akaandikiwa barua ya onyo.

Muuguzi Tunu hakuruhusiwa kuivua hata nyumbani. Jioni moja ilitetemeka mkononi mwake akiwa mezani, na hapo palikuwa na mumewe tu, Hiza, akimenya chungwa.

“Imemwona nani, Mama Salha?” Hiza akamuuliza.

“Hakuna. Chaji inaisha tu.”

“Basi imeniona mimi,” akasema, akacheka peke yake.

Tunu, hoi kwa uchovu, alisogeza kiti upande wa mlango kama afanyavyo kazini kila ikitetemeka. Hiza akaacha kumenya.