Zoezi la Kusikiliza

"Kwa nini uliacha kazi, mama?" msichana aliuliza, kalamu mkononi.

Lilikuwa zoezi tu la mwaka wa kwanza wa saikolojia: mmoja anauliza, mwenzake anajibu, na darasa zima linatazama kutoka nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja tu. Aliyeulizwa, mwanafunzi mwenye mvi, aliwahi kuwa askari wa gereza la wanawake kwa miaka ishirini na mbili. Jibu lake alishalizoea: zamu zilimchosha.

Safari hii aliliacha. Kidole gumba kilikuwa kikipapasa kiunoni, pale ambapo mkanda wa funguo ulimwachia sugu.

"Kuna mfungwa alinigongea mlango wa seli, mchana," alisema. "Akaniambia kifua kinambana. Nikamwambia aache maigizo."

Msichana akaacha kuandika. Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na kiti cha msichana kilikuwa kimeziba mlango.

"Tunaweza kuishia hapo, mama."

"Hapana. Niulize."

Msichana akakitazama kile kioo, asione wa kumsaidia. "Aligonga kwa muda gani?"

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nimekwenda kula. Niliporudi, palikuwa kimya, nikashukuru."